Hamsini na Nane ya Papa Paulin

Mota ya kinu cha Mama Djamila iliungua Jumanne asubuhi, katikati ya debe la mahindi. Ilinguruma, ikatoa moshi, ikanyamaza, na wanawake waliokuwa kwenye foleni na mabeseni yao wakasema kwa pamoja: "Ayee!" Kisha wakaondoka mmoja mmoja kwenda kinu cha ng'ambo ya reli, maana bukari, ugali wetu, hausongwi kwa pole.

Sasa, mota kuungua si jambo la kuandikia watu barua. Lakini hii ilikuwa imesukwa upya wiki tatu tu zilizopita. Wiki tatu! Mota iliyosukwa vizuri huzeeka na mwenyewe. Na aliyeisuka hakuwa fundi wa kubahatisha. Alikuwa Annie Mwilambwe, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, bobineur wa mtaa wa Kampemba. Bobineur, kwa asiyejua, ni mtu anayeitoa mota nyaya zake zilizoungua na kuisukia mpya, mzunguko kwa mzunguko, kwa mkono. Wanaume wa kazi hiyo Lubumbashi wamejaa. Wanawake, hata vidole vya mkono mmoja ni vingi.

Annie alirithi kazi kwa baba yake, marehemu Papa Paulin, aliyesuka mota katika karakana ya reli hadi mgongo ukakataa. Alirithi meza, koleo, na namna ya kuhesabu. Namna hiyo mtaa wote waliijua na kuiheshimu: Annie alihesabu mizunguko kwa rozari. Mzunguko mmoja wa waya, punje moja, Salamu Maria moja. Mafungu matano ya kumikumi, mizunguko hamsini. Punje kubwa za Baba Yetu hazikuhesabiwa; hapo mkono ulipumzika. Midomo yake ikishaanza kucheza, hata mwenye nyumba akija kudai kodi angengoja barazani. Rozari yenyewe ilikuwa ya mama yake. Mwezi wa sita kamba yake ilikatika, punje zikatawanyika karakana nzima, Annie akaziokota kwa magoti, na Mama Chanda anayeuza sanamu na mishumaa langoni pa parokia akaitungia kamba mpya ya nailoni. Ikatoka imependeza kuliko mwanzo.

Mama Djamila hakuja na makelele. Afadhali angekuja nayo. Alikuja na kitambaa chake cha kichwa kimejaa unga, akakaa kwenye kiti cha wateja, akauliza taratibu:

"Mama Annie, sikuye kugombana. Niko nauliza tu. Mubaya ni waya, ao ni mikono yako?"

Annie aliitazama mikono yake. Miezi ya karibuni vidole vyake vilikuwa vinakufa ganzi asubuhi, na jambo hilo hakuwa amemwambia mtu.

"Unipatie mpaka siku ya tano," alisema, yaani mpaka Ijumaa. "Kama ni mikono, Mama Djamila, mi sitashika tena moteri ya muntu. Nitafunga huu mulango, nitauzisha mikate."

"Usiape bule."

"Nimeshaapa."

Na alikuwa ameapa kweli, hasira na woga vikimsukuma kwa pamoja. Jina lililoandikwa mlangoni lilikuwa la baba yake. Hakutaka liwe jina la mtu anayeunguza mali za watu.

Tusidanganyane: tangu dakika ile Annie aliomba waya uwe mbovu. Waya ulitoka kwa Papa Moustapha, mfanyabiashara wa sokoni, mtu ambaye ukoo wake ulitoka mji wa Kasongo, ndevu nyeupe, mwenye kibanda cha vifaa vya umeme ambavyo vilipitia mpaka wa Sakania kwa treni na kwa malori. Mwaka huo mji ulikuwa na maneno mengi kuhusu waya wa uongo: alumini ndani, shaba nyembamba juu, kama chapati iliyopakwa siagi upande mmoja. Alumini huukatalia umeme kuliko shaba, waya hupata moto, mota huungua. Ingekuwa hivyo, mikono yake imepona. Na Annie alikwisha kupanga maneno atakayompigia Moustapha mbele ya soko zima, mpaka na mahali atakaposimama.

Ilibaki kitu kimoja: ushahidi. Shaba ya kweli huukatalia umeme kiasi gani? Kuna nambari yake. Kila madini yana yake. Ukiijua nambari, unapima waya, na waya unasema wenyewe ni nani.

Jumanne mchana alifungua simu akaitafuta. Ukurasa wa kwanza ulisema 1,68. Wa pili, 1,72. Wa tatu, 0,0175. Wa nne ulisema 15,4 bila kueleza ni kumi na tano za nini. Wa tano ulikuwa na matangazo ya dawa ya kupunguza tumbo, na nambari ya tano. Annie akachukua kipande cha waya na mashine yake ya kupimia, ambayo sindano zake za kugusia waya zilichoka zamani. Akapima mara tatu, ikampa majibu matatu. Kwa ukurasa wa kwanza waya ulikuwa mwizi. Kwa ukurasa wa tatu ulikuwa mtakatifu.

"Lakini we simu, wewe!" alisema peke yake karakanani. "Shaba ni moja, inachimbwa hapa nyuma ya mji, na hamujui iko namna gani?"

Jumatano akashindwa kuvumilia, akaenda sokoni. Hakupiga kelele bado. Aliuliza tu, akiita shaba kivre kama mafundi wote wa hapa.

"Papa Moustapha, hii waya iko kivre ya kweli?"

Moustapha aliinuka kama mtu aliyeguswa na moto. "Mama Annie! Miaka kumi na sita unanunua kwangu! Ngoja. Ngoja kidogo." Akampigia binamu yake fundi wa Kigoma, wakasalimiana mpaka ng'ombe na mbuzi, na baada ya muda ikaingia picha ya ukurasa wa kitabu cha mafundi, kwa Kiswahili safi cha upande ule. Kilikuwa na orodha ya madini. Kwenye mstari mmoja: *shaba, 7*.

Moustapha aliisoma, akafungua kitabu cha mtengenezaji wa waya wake, uso ukang'aa.

"Unaona? Shaba yabo iko saba! Yangu haifike hata mbili! Mama, waya yangu inapita shaba!"

Hata akina mama wa nyanya walicheka. Annie naye alicheka, ingawa alikuwa na hasira, maana aliona kosa lilipo. Hapa kwetu, ambako jimbo lenyewe liliwahi kuitwa Shaba, neno hilo lina maana moja tu, nyekundu. Kule kwa binamu watu huita shaba hata ile ya njano, ya bomba na vitasa vya milango, ambayo sisi tunaiita *leto* kwa Kifaransa chetu. Kitabu kilikuwa sahihi, binamu alikuwa sahihi, na Moustapha alikuwa anaulinganisha waya wake na kitasa.

"Ile ni leto, Papa."

"Leto?" Moustapha akakaa. "Basi kweli yenyewe iko wapi?"

Swali hilo Annie alirudi nalo nyumbani. Lilimsumbua kuliko alivyotarajia. Alianza akitafuta fimbo ya kumpigia mtu, sasa alitaka kujua tu. Na katika kutaka kujua akamkumbuka baba yake, ambaye hakuwahi kutazama jedwali lolote. Mtu akimletea waya, Papa Paulin alisema neno moja: "Hamsini na nane, ao rudi nayo." Basi. Hamsini na nane. Nyumbani walidhani ni mwaka alioanza kazi ya reli. Shangazi alishikilia kuwa ni nambari ya injini ya treni aliyoipenda. Kwenye matanga yake mtu alitoa hotuba kuhusu hiyo hamsini na nane, akasema ni zaburi. Papa Paulin alikufa bila kueleza, kwa sababu hakuna aliyemuuliza kwa dhati, hata Annie.

Alhamisi alivaa kitenge cha kanisani akaenda chuo kikuu, maktaba ya wahandisi. Mlinzi wa vitabu, Papa Jeannot, alikuwa mtu mwembamba aliyeongea na vitabu vyake kama na wagonjwa. Alimsikiliza Annie mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si kila msomi analiweza.

"Mama, hizo kurasa zote hazikusema bongo," alisema. Bongo ni uongo, kwa lugha yetu. "Moja ilipima kivre kwa digrii sifuri, kwenye barafu. Ingine kwa ishirini. Ingine ilipima waya wa kiwandani, ingine kivre safi kabisa ya maabara. Na kila moja inahesabu kwa kipimo chake. Kivre ikipata joto inazidi kukatalia umeme. Nambari yenye haisemi joto, usiiamini. Yenye haisemi nani alipima, na alipima kitu gani, usiiamini zaidi."

"Basi yenye kuaminika iko?"

"Iko."

Alipotea kati ya rafu. Alirudi na kijitabu chembamba kilicholiwa pembeni na mchwa, akakifuta kwa kiganja, akasoma kwa Kifaransa, kisha akatafsiri polepole. Mwaka 1913 wataalamu wa nchi nyingi walikubaliana juu ya shaba. Walipima shaba za mahali pengi, wakapatana neno moja la dunia nzima. Waya wa shaba laini, urefu mita moja, unene milimita moja ya mraba, joto digrii ishirini: ukinzani wake ni omu moja iliyogawanywa kwa hamsini na nane.

"Soma tena," Annie alisema.

"Moja kugawanya kwa hamsini na nane. Ni kusema, ukikata mita hamsini na nane za waya ule, unapata omu moja kamili."

Annie aliweka mkono mdomoni. Machozi yalikuja yenyewe, mbele ya wanafunzi, na hakuyajali. Hamsini na nane! Si mwaka, si treni, si zaburi. Baba yake, aliyesoma mpaka darasa la sita, aliyerudi nyumbani na grisi kwenye nyusi, alikuwa amebeba kinywani nambari ya dunia nzima, na wao walikuwa wanaicheka mezani.

"Pole, Mama," alisema Papa Jeannot, akidhani ni msiba. Kwa namna fulani ulikuwa msiba.

Na hapo hapo Annie akakumbuka bati. Bati la biskuti, juu ya kabati la karakana, lenye waya uliozungushwa vizuri ndani ya karatasi ya nta. Miaka ya njaa Papa Paulin aliuza baiskeli, akauza redio, akauza mpaka mlango wa chooni. Shaba ilikuwa na wanunuzi barabarani kila asubuhi, na bati lile hakuligusa. Mkewe alimpigia kelele kwa ajili ya bati hilo. Yeye alisema, "Hiyo si yangu ya kuuzisha," akaondoka.

Annie alishuka basi kituo kimoja kabla, kwa haraka ya kijinga, akatembea. Alilishusha bati. Akautoa waya, akafunga ncha moja kwenye kitasa cha mlango, akaenda nao avenyu, akiunyoosha juu ya vumbi jekundu, jirani mmoja amemshikia utepe wa kupimia. Kumi. Ishirini. Akapita nyumba ya fundi viatu. Arobaini. Watu walitoka kutazama. Pikipiki zilisimama zenyewe, madereva wakashusha miguu. Hamsini. Ncha ya waya iliishia mbele ya kibanda cha vocha. Jirani akasoma utepe, akainamia, akasoma tena.

"Hamsini na nane, Mama. Hakuna hata kidole kimezidi."

Hakuna aliyejua kwa nini Mama Annie alipiga magoti pale barabarani. Yeye mwenyewe hakujua vizuri. Alikuwa anatazama mstari mwekundu uliolala toka mlango wa baba yake mpaka kibandani, na kuwaza kwamba mtu wa mbali kabisa, kwenye nchi ya barafu, akinyoosha waya kama huu atapata jambo hilo hilo moja. Labda shaba yenyewe ilitoka ardhi hii, ikavuka bahari, ikapimwa na mabwana wenye miwani, ikaitwa kanuni. Na kipande chake kilikuwa juu ya kabati, karibu na chumvi.

Sasa akakata mita hamsini na nane za waya wa Moustapha, unene ule ule. Akamwita Moustapha, maana haki ni haki: mshitakiwa awepo. Mzee alikuja na tasbihi mkononi, midomo mikavu.

Annie alifanya kitu ambacho bila kijitabu kile asingekifikiria. Aliunga waya wa baba na waya wa Moustapha mkia kwa kichwa, akaweka betri ya gari na taa ya gari, ili umeme ule ule upite ndani ya zote mbili. Joto moja, umeme mmoja, urefu mmoja. Hapo hakuna jedwali la kubishana nalo, wala kuchoka kwa sindano za mashine si neno. Waya utakaokataa zaidi utaonyesha volti zaidi. Kama wa Moustapha una alumini ndani, utajitangaza.

Akagusa waya wa baba kwa sindano: volti 1,71.

Moustapha akafumba macho. Annie akagusa waya wake.

1,71.

Akagusa tena. Akabadilisha nafasi zao, huu mbele, ule nyuma. 1,71 na 1,71. Waya mmoja ulitunzwa na fundi wa reli kabla Annie hajazaliwa. Mwingine ulishuka Sakania mwezi uliopita, na zote mbili zikasema neno lile lile, kama watoto wa tumbo moja.

"Ni kivre," alisema Annie. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Papa Moustapha, ni kivre. Nilikuwa nakuwazia mabaya. Unisamehe."

"Alhamdulillahi," alisema Moustapha, akajifuta uso. Kisha akamtazama, akaelewa yeye amepona na nani hajapona. "Sasa weye?"

Ndiyo, sasa yeye. Nambari aliyoitafuta kwa siku tatu ilikuwa ya kweli kiasi kwamba haikumpendelea hata yeye. Waya mzima, basi mikono. Annie alivuta mota iliyoungua, akakata fundo la kwanza la nyaya, akafanya kazi aliyoiogopa tangu Jumanne: kuhesabu mizunguko mmoja mmoja, kwa sauti, bila rozari.

Arobaini na tano.

Palipotakiwa hamsini! Mizunguko ikipungua mota hula umeme kuliko uwezo wake, hupata moto, hufa. Fundo la pili: arobaini na tano. La tatu: arobaini na tano. La nne vivyo hivyo. Moustapha akaanza kusema pole, Annie akamzuia kwa mkono.

"Ngoja, Papa. Mikono yenye kuchoka inakosa ovyo. Hapa arobaini na munane, pale hamsini na moja. Hii imekosa sawasawa fasi yote."

Alivua rozari shingoni. Akaanza fungu la kwanza. Moja, mbili, tatu... tisa. Punje kubwa. Akarudia. Tisa. Fungu la pili, tisa. La tatu, tisa. La nne. La tano. Zote tisa tisa.

Alipiga magoti mara ya pili siku ile, safari hii chini ya meza, na tochi ya simu. Punje zilikuwa pale, kwenye ufa wa sakafu, zimefunikwa na unga wa vanishi. Tatu nzima, mbili zimepasuka. Zile alizozikosa mwezi wa sita. Na Mama Chanda, mtu wa moyo mzuri, alipoona punje hazitoshi hakutaka fungu moja liwe fupi na mengine marefu. Alizigawanya sawasawa, ipendeze. Tangu hapo Annie alikuwa amesuka mota moja tu kubwa, hiyo ya kinu.

"Miezi mitatu," alisema Annie toka chini ya meza, "kila siku nilikuwa nakatia Mama Maria salamu tano!"

Moustapha alijizuia. Alijitahidi kweli. Kisha kicheko kikamshinda, Annie naye akacheka akiwa bado chini, akacheka mpaka akalia, maana mikono yake ilikuwa mizima.

Ijumaa Mama Djamila alikuja kama walivyoahidiana. Annie hakuzunguka. Alimwonyesha nyaya mbili, akamwonyesha nambari, akamwekea rozari mkononi.

"Waya iko muzima. Kosa ni yangu. Nilihesabia kitu chenye sikuhesabu."

Mama Djamila alizihesabu punje zote, fungu kwa fungu, kwa kidole chenye unga. Alichukua muda wake.

"Na mikate?" akauliza.

"Nilisema kama ni mikono."

"Basi mikono irudi ku kazi. Lakini muntu mwingine ahesabu."

Moustapha, aliyekuwa mlangoni akijifanya anapita tu, aliingia, akavuta kiti, akatoa tasbihi yake. Punje tisini na tisa. Annie aliishika kabla hajaanza.

"Papa, ile tasbihi ni nani aliitunga?"

"Marehemu babu yangu, kule Kasongo."

"Kwanza tuihesabu."

Waliihesabu. Tisini na tisa. Wakaihesabu toka upande mwingine. Ndipo Annie akaanza kuzungusha, na mzee akihesabu kwa sauti, punje na mzunguko, mpaka hamsini, akirudia kila fundo, mpaka adhuhuri ilipomwita akaenda, akarudi.

Mota ya Mama Djamila inasaga mpaka leo. Waya wa Papa Paulin umerudi ndani ya bati, mita hamsini na nane, na Annie hakukubali kuukata hata urefu wa ukucha. Kwa rozari alichukua waya wa Moustapha, ule uliopimwa, akausokota kuwa punje tano ndogo nyekundu, moja kwa kila fungu, akampelekea Mama Chanda azitunge mbele ya macho yake. Sasa anaposali, kidole kikifika kwenye punje ya shaba, hutulia kidogo. Anasema Salamu Maria yake yote, halafu anaongeza kwa sauti ndogo, "Unisamehe, Papa Moustapha," kisha anaendelea.